Domeni yako ya zamani usiiue, na ilokufa ya mwenzio usiinunue

Kuna swali naulizwa sana na watu wa utalii hapa Unguja, wenye magesti Mji Mkongwe, wenye senta za kupiga mbizi kule Nungwi na Kendwa, madereva walofungua kampuni zao wenyewe za kutembeza wageni, na swali lenyewe ni la domeni, yaani lile jina la anwani ya saiti unalolilipia, nalo huja kwa sura mbili. Kuna anokuja akasema tumebadilisha jina, tuna saiti mpya, hii domeni ya zamani tuiache ife tusilipie tena? Na kuna anokuja akasema nimesikia ukinunua domeni kongwe zilokufa ukazielekeza kwenye saiti yako unapanda Google, ni kweli? Nimewajibu wengi kwa voisi za WhatsApp, vipande vipande, mmoja kasikia nusu mwengine kasikia robo, sasa nataka niandike pahala pamoja ili mtu akiuliza nimtumie hii.

Jibu langu ni kuwa huyo wa kwanza asiiache ife, na huyo wa pili asinunue, na sababu ya majibu yote mawili ni moja. Linki ni neno la mtu. Mtu alopachika linki ya gesti yako kwenye blogu yake huko Italia alikuwa anawaambia wasomaji wake kitu, kwamba nimelala hapa nimeridhika, nendeni. Unapoielekeza domeni yako kwenye saiti mpya unalibeba lile neno lake unalipeleka pengine. Ukilipeleka kwa yule yule alosemwa, haki imefika kwa mwenyewe. Ukilipeleka kwa mtu mwengine kabisa umemsemesha mwenzio maneno ambayo hakuyasema. Haya mengine ya namba na mafaili ntakayoyaeleza huku chini yanatoka hapo hapo, na nnavyoona mie hata Google wenyewe sheria zao nyingi kwenye jambo hili zinatoka hapo hapo.

Tuanze na hii "nguvu" ya domeni inayosemwa sana. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakati huo wanafunzi wa Stanford, walieleza injini ya kutafutia walokuwa wanaijenga, ndo hiyo Google, na ndani yake mlikuwa na hesabu inaitwa PageRank. Wazo lake ni kuwa ukurasa unaolinkiwa na wengi una uzito, na ukilinkiwa na ukurasa ambao wenyewe una uzito basi wako unaongezeka zaidi, yaani hawahesabu idadi tu, wanatizama na alosema ni nani. Kwa miaka mingi Google walikuwa wanaonesha alama ya hesabu hiyo hadharani, sifuri mpaka kumi, kwenye kibao cha juu cha brauza, na biashara ikashamiri, watu wakawa wananunua na kuuza domeni kwa alama. Mwaka 2016 wakaizima isionekane tena na watu wa nje. Hizi alama mnazooneshwa siku hizi na watu wa SEO, yaani wa kazi ya kupandisha saiti kwenye Google, kwamba domeni hii ina 40 ile ina 55, ni alama za makampuni binafsi kama Moz na Ahrefs, wameziunda wenyewe kwa kukadiria, na Google hawazitumii. Kwahiyo mtu akija kukuuzia domeni kwa bei ya juu kwasababu "ina 40" ujue anakuuzia makadirio.

Ridairekti, yaani kule kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya, si jambo gumu. Mtu akibonyeza linki, brauza inakwenda kuuliza kwenye sava, ile kompyuta inayoweka saiti, na sava inajibu kwa namba kabla ya kutoa chochote. 200 maana yake ukurasa upo, chukua. 404 haupo. 301 maana yake umehama moja kwa moja, anwani yake mpya hii hapa. 302 maana yake umehama kwa muda tu, utarudi. Zipo na 308 na 307 ambazo zina maana hizo hizo za kudumu na za muda, tofauti yake inawahusu mafundi zaidi. Ni sawa na fundi cherehani alohamisha duka lake kutoka Mkunazini kwenda Michenzani, akamuweka kijana kwenye baraza ya zamani kazi yake kuwaambia wateja fundi kahamia jengo namba fulani, chini, mlango wa tatu. Kijana akisema hivo mteja anafika. Akisema tu "kahamia Michenzani" mteja atazunguka maghorofa yale mpaka achoke ende kwa fundi mwengine.

Google wakikuta 301 wanaichukua kuwa ni dalili nzito kwamba anwani mpya ndo ya kuwekwa kwenye matokeo, na linki zilokuwa zinakwenda kwa ya zamani wanazihesabu kwa mpya. 302 ni dalili nyepesi. Zamani ilikuwa inaaminika kuwa kila ridairekti inamega sehemu ya PageRank, na Matt Cutts wa Google mwaka 2013 alisema inapungua kidogo kweli, kiasi kile kile inachopungua ikipita kwenye linki ya kawaida. Mwaka 2016 mwenzake Gary Illyes akasema ridairekti za namba zinazoanza na 30, kama hizo 301 na 302, hazipotezi PageRank tena. Wengi waliisikia hiyo ya 2016 wakadhani ukishaweka 301 basi nafasi yako kwenye Google inahama nzima nzima, na hapo ndo wanapoumia. Kinachohama ni uzito wa linki. Ukurasa mpya bado lazima ujibu kile anachokitafuta mtu, maana Google wanausoma upya wenyewe na kuupima upya, na kama ule wa zamani ulikuwa unaeleza kitu na huu mpya haukielezi, uzito wa linki hautakusaidia kwa lile neno ulilokuwa unaonekana nalo.

Ntatoa mfano wa gesti moja ya Mji Mkongwe, jina silitaji. Mzee aloianzisha alikuwa na saiti tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ya kizamani, maandishi yamebanana, picha ndogo ndogo, lakini mzee alikuwa anapenda kuandika. Mlikuwa na ukurasa mzima kuhusu mlango wa nyumba yake, ule mlango wa nakshi, kaeleza tofauti ya mlango wa Kiarabu ambao juu yake ni mraba na wa Kihindi wenye tao, kaeleza nakshi za mnyororo na za mayungiyungi, misumari mikubwa ya shaba, nani kaufanyia matengenezo na kwa mafuta gani, kila kitu kakipigia picha kwa karibu. Mzee alipofariki watoto wakakubaliana, mmoja akabaki na gesti, akabadilisha jina, akanunua domeni mpya, akamlipa mtu amtengenezee saiti nzuri ya kisasa yenye bukingi. Na yule mtengenezaji akasema domeni ya zamani tutaielekeza yote kwenye ukurasa wa mbele wa mpya, kazi ya dakika tano, imekwisha.

Mie nikaitwa kuangalia tu. Nikafungua Search Console ya saiti ya zamani, kile kifaa cha Google cha kumuonesha mwenye saiti hali yake, sehemu ya linki, na nilichokikuta ni kuwa linki nyingi za nje, na zile nzuri khasa, haziji kwenye vyumba wala kwenye bei. Zinakuja kwenye mlango. Wanafunzi wa usanifu majengo, blogu za wasafiri wa Kitaliano na Kijerumani, watu wanoandika kuhusu Mji Mkongwe tangu ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, wote hao walipotaka kumuonesha msomaji mlango wa Zanzibar ulivyo walikuwa wanamtuma kwa mzee. Na kwenye saiti mpya ukurasa wa mlango haumo, mtengenezaji kaona hauna kazi. Kijana wa mzee akanambia mlango hauleti pesa, vyumba ndo vinaleta pesa. Nikamwambia mlango ndo ulokuwa unawaleta watu mpaka kwenye vyumba, na ukimtuma mwanafunzi wa Ujerumani alotaka kuona nakshi akaangukia kwenye fomu ya kujaza tarehe ya kulala, atafunga, na Google nao wanalijua hilo. Ukielekeza kurasa zako zote kwenye ukurasa wa mbele, Google huzichukua zile ambazo hazina uhusiano na ukurasa wa mbele wakazihesabu kuwa ni 404 tu ilojificha, yaani ukurasa haupo, na linki zake zinabaki hazina pa kwenda.

Tukautafuta ukurasa wa mzee. Faili lenyewe halikuwepo kwenye hostingi mpya, pale saiti inapowekwa, lakini tulilipata kwenye Wayback Machine, ile hazina ya Internet Archive wanayohifadhi kurasa za zamani za mtandao tangu 1996, maandishi yote na picha karibu zote. Tukaujenga upya kwenye saiti mpya, maneno ya mzee vile vile kama alivyoandika, tukaongeza picha kubwa za mlango ulivyo sasa na jina la mzee chini yake, halafu ile anwani ya zamani ya mlango ikaelekezwa kwenye anwani mpya ya mlango. Vyumba vya zamani kwa vyumba vipya. Ukurasa wa "jinsi ya kufika" kwa "jinsi ya kufika". Ukurasa wa Kitaliano kwa wa Kitaliano, usimtume Mtaliano kwenye Kiingereza. Na yale yalokuwa hayana mwenzake, bei za msimu ulopita zamani, tangazo la kazi, tukayaacha yafe kwa 404 kwasababu hayakuwa na mtu anayeyahitaji, na 404 kwa ukurasa ulokufa kweli si dhambi, ni jibu la kweli. Haikuwa siku moja, Google wenyewe wanasema saiti ya wastani inachukua wiki kadhaa mpaka kurasa nyingi zihame kwenye matokeo yao, na kwenye kipindi hicho utaona unapanda unashuka, usianze kubadilisha badilisha kwa khofu. Ule ukurasa wa mlango ulihama. Mtu akitafuta habari za milango anaufikia, na jina la mzee lipo.

Hiyo ndo kazi kubwa ya ridairekti, kukaa chini ukaandika kila anwani ya zamani na pembeni yake anwani mpya. Watu wanadhani ufundi upo kwenye kile kimstari cha amri kwenye mipangilio ya sava, faili la htaccess au nginx, kumbe kile ni kidogo mno, kazi ni ile orodha. Anwani za zamani unazipata kwenye Search Console, kwenye magogo ya sava yanayorekodi nani kafungua nini, kwenye Wayback Machine, na kwenye ramani ya saiti, ile orodha ya kurasa zake, kama ilikuwepo. Usisahau mafaili ya PDF, menyu ya mkahawa, ramani ya kufika, maana watu huzilinki hizo moja kwa moja, na picha pia.

Mitego ipo. Ulio mkubwa naona ni ule wa cheti cha usalama. Watu wanahamisha domeni, wanaacha cheti cha ile ya zamani kinamaliza muda, na brauza inakagua cheti kabla haijaisikia ridairekti, kwahiyo mgeni anakutana na ukurasa wa kumtisha kuwa saiti si salama na hafiki popote. Vyeti vya Let's Encrypt ni bure lakini havizidi siku 90, lazima viwe vinajihuisha wenyewe, na lazima domeni ya zamani nayo iwe nacho. Mwengine ni hizi "foradi" za bure wanazotoa wauzaji wa domeni, nyingi zinaelekeza ukurasa wa mbele tu, nyengine hazishughuliki na https, yaani anwani zenye cheti cha usalama, na zipo zinazoificha saiti yako mpya ndani ya fremu huku anwani ya zamani ikibaki pale juu, hiyo si ridairekti, ikimbie. Halafu minyororo: domeni ya 2005 inaelekeza kwenye ya 2012, ya 2012 inaelekeza kwenye ya sasa, na katikati kuna ya http kwenda https na ya www kwenda bila www, mgeni wa intaneti ya simu anangoja. Roboti ya Google inafuata mpaka hatua 10 hivi halafu inaacha. Bora kila anwani ya zamani iende moja kwa moja kwenye ya mwisho. Ukishamaliza, nenda Search Console kuna kifaa cha kutangaza kuhama anwani, unatakiwa uwe umethibitisha kuwa domeni zote mbili ni zako.

Kwa walokuwa wanaandika Blogspot, zile blogu za Blogger ya Google, na Wazanzibari wengi tulianzia huko: ukinunua domeni yako ukaiunganisha na blogu ile ile, Blogger wanaielekeza anwani ya zamani kwenye mpya wenyewe, umepona. Ukitaka kuondoka kabisa kwenda hostingi yako ndo pana shida, huwezi kuweka 301 kwenye sava isiyokuwa yako. Watu wanatumia ile meta rifreshi, amri ya kuiambia brauza ihamie anwani nyengine, kwenye templeti, na Google wakikuta ile ya papo hapo huichukua kama ya kudumu, ile yenye kusubiri sekunde huichukua kama ya muda. Facebook na Instagram huwezi kuweka ridairekti mwenyewe, nenda kabadilishe linki kwa mkono, na kwenye Google Maps, na Booking.com, na TripAdvisor.

Na emaili! Hili nalisema kwa sauti kubwa kwasababu watu wengi hawalijui. Ridairekti ya saiti haihamishi emaili. Emaili ina rekodi zake peke yake kwenye DNS, lile daftari la mtandao linalosema mambo ya domeni yapelekwe wapi, zinaitwa MX, na kama ulikuwa na anwani ya bukingi kwa domeni ya zamani, wakala wa Uholanzi atakuwa bado anatuma huko huko. Ziache zile rekodi ziendelee kupokea.

Sasa nije kwenye sura ya pili ya swali. Kijana mmoja wa kampuni ya kutembeza wageni, mchapakazi, anaamka alfajiri na hana mchezo, alinijia na orodha ya domeni zilokufa zinazouzwa kwa mnada. Ndani yake mlikuwa na ya mradi mmoja wa zamani wa kulinda kasa, na ya kikundi cha watu wa kujitolea walokuwa wanasaidia skuli kisiwani Pemba, zote mbili zina linki za vyuo vikuu na magazeti ya nje. Akanambia tununue hizi, tuzielekeze kwenye ukurasa wangu wa pomboo wa Kizimkazi na wa mashamba ya viungo, nani atajua.

Nilimueleza kwa utaratibu kwasababu nampenda yule kijana na biashara yake ni nzuri. Kwanza Google watajua, au tuseme mashine zao zimejengwa kujua. Tarehe 5 Machi 2024 walitangaza sera mpya za kupambana na spamu, yaani hila za kupandisha saiti, na moja kati ya hizo inataja kwa jina matumizi mabaya ya domeni zilokwisha muda, yaani mtu kununua domeni ilokufa khasa kwa lengo la kutumia sifa yake ya zamani kupandisha maudhui yasiyo na faida kwa msomaji. Mifano walotoa wenyewe ni kama saiti ya kamari kuwekwa kwenye domeni ilokuwa ya skuli ya msingi, au bidhaa za matibabu za kibiashara kwenye domeni ilokuwa ya shirika la hisani la afya. Sera inazungumzia zaidi maudhui yanayopandikizwa juu ya domeni ile, lakini ukielekeza tu haikusaidii, maana kasa si pomboo na skuli si shamba la karafuu, inarudi kule kule kwenye 404 ilojificha, linki zinaachwa zisihesabiwe. Pili hujui domeni ile imepita mikono gani, pengine mtu wa kabla yako aliijaza spamu ikapigwa adhabu, na adhabu hiyo unainunua pamoja nayo.

Wapo walofanikiwa, sitasema uongo. Kwa miaka mingi mbinu hii ilikuwa inafanya kazi na wapo wanaopata mpaka leo, kwa muda, halafu linakuja sasisho moja la Google saiti inaporomoka yote, na ilobeba jina lako la biashara ndo hiyo hiyo inayoporomoka. Mtu anayeendesha saiti za kutupa hajali, ikifa hii anafungua nyengine. Wewe una jina moja, limeandikwa kwenye gari lako la Noah, na kwenye leseni yako.

Lakini sababu yangu ya khasa si Google. Yule mhadhiri wa chuo kikuu aloweka linki ya mradi wa kasa alitaka mwanafunzi wake asome kuhusu kasa. Aliwaamini wale watu walokuwa wanakesha pwani kulinda mayai. Mradi umekwisha, pesa zilikwisha au watu waliondoka, linki ile leo imekufa na inasema imekufa. Ukiinunua ukampeleka mwanafunzi kwenye safari zako za boti umetumia imani ambayo hukuichuma wewe, na umeichukua kwa watu walofanya kazi ya bure. Kwetu hili tunalijua lilivyo, mtu kutumia jina la mwenzake alokwishafariki kukopea dukani, hakuna anoliona dogo.

Kununua kunakoswihi kupo. Senta moja ya kupiga mbizi imeinunua senta nyengine pamoja na boti zake, mitungi yake na wakufunzi wake, na domeni yake ikaja nayo. Hapo elekeza bila wasiwasi, mgeni alosifiwa wale wakufunzi anawakuta. Zihamishe na kurasa zao za maeneo ya kuzamia, Mnemba, Leven, ziwe hai kwenye saiti yako, usizifute halafu ukategemea linki zake. Vilevile kampuni mbili za ndugu kuungana, au shirika kubadilisha jina, au kutoka .com kwenda .co.tz. Ukitaka kipimo, jiulize alokulinki akibonyeza linki yake leo ataona kile alichokisema au ataona mambo mengine?

Na kwa sababu hiyo hiyo ndo nasema yako usiiache. Mwaka 2020 korona ilipokata ndege, watu wengi wa utalii huku hawakuwa na cha kuuza, na mtu asiyekuwa na mgeni hata mmoja halipii domeni, analipia chakula, hilo halina lawama. Lakini domeni zilizoachwa hazikulala. Namjua mtu wa Chake Chake, mwalimu wa chuo, watoto wanasoma Kurani kwake kila asubuhi, na kwa miaka alikuwa na kasaiti cha kuwapeleka wageni Msitu wa Ngezi na kisiwa cha Misali. Domeni ilikuwa jina la ukoo wao. Iliachwa, ikanunuliwa na watu wasiojulikana, na siku moja mwanawe katafuta jina la babu yake kwenye simu akakuta ukurasa wa kamari. Jina la ukoo juu, mashine za kucheza pesa chini. Vile vile linki zote walizompa wageni wake, waloandika huyu bwana ni mwaminifu mwendeeni, sasa zinapeleka watu kwenye kamari. Mimi nilizungumza nae na sikupata la kumpoza, kwasababu la kufanya halikuwepo, domeni ilishakuwa ya mtu mwengine kihalali.

Muda wa kuiokoa upo lakini una mipaka. Kwa .com na zinazofanana nayo, ikimaliza muda muuzaji wako anaweza kukupa mpaka siku 45 za kulipia kwa bei ya kawaida, wengine wanatoa chache zaidi kwahiyo usizihesabu kuwa ni haki yako. Baada ya hapo kuna siku 30 za kuikomboa, na hizo zina ada kubwa juu yake. Halafu siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuigusa, na baada ya hizo inakuwa wazi kwa yeyote, na wapo wenye programu zinazoisubiri kwa sekunde. Nyengine huchukuliwa mnadani hata kabla ya kufika huko. Za .tz zina utaratibu wake, muulize alokusajilia.

Na hatari haiishii kwenye aibu. Anomiliki domeni yako anaweza kufungua emaili kwa jina lile lile ulilokuwa unatumia, na kama akaunti yako ya bukingi au ya benki bado inatuma namba za siri za kubadilisha paswedi kwenye emaili ile, zitamfikia yeye. Google nao kwenye maelekezo yao ya kuhama saiti wanashauri ridairekti ziachwe kwa muda mrefu uwezavyo, angalau mwaka mmoja, na domeni ya zamani uendelee kuilipia ili asije mtu kuitumia vibaya.

Mie mwaka mmoja naona mchache kwa biashara ya utalii. Google wanaweza kuwa washahamisha kila kitu kwenye hesabu zao, lakini mgeni anakuja na kitabu cha safari alichoazima kwa shangazi yake, cha zamani, anwani yako ya zamani imo ndani, na kipeperushi chako kipo kwenye meza ya hoteli ya Dar, na kibao chako cha barabarani Jambiani hujakipaka rangi upya. Hizo hakuna roboti itakayozibadilisha. Domeni ya .com ni dola kumi na kitu kwa mwaka na inaruhusiwa kulipiwa mpaka miaka 10 kwa pamoja, ilipie mingi ukiwa na pesa za msimu, Julai na Agosti, usingoje masika. Isajiliwe kwa jina lako wewe mwenye biashara, si la kijana alokutengenezea saiti, na emaili ya kukumbusha iwe ya Gmail au nyengine isiyokuwa ya domeni hiyo hiyo, na iingie kwa watu wawili katika familia.